Nani anashika futi kwenye ukingo wa Mto Ngong?

Machi 2025 Rais William Ruto alizindua mpango wa kufufua Mto Nairobi: kilomita 27 hivi za kusafisha maji, kujenga kingo, kulaza mabomba ya majitaka na kutengeneza njia za waendao kwa miguu. Tangu hapo watu wanaojua kwamba kazi yangu ni kupanga miji hawaachi kuniuliza kama safari hii itafaulu. Jibu langu huwa refu, kwa sababu huanzia kwenye mto mwingine, Ngong, ule unaopita nyuma ya viwanda. Huko tunao mfano wetu wenyewe wa jinsi ukanda wa viwanda uliochakaa unavyoweza kupangwa upya na wanaoishi ndani yake. Huko huko tuna mfano wa jinsi kazi hiyo inavyoweza kuvurugwa kwa wiki chache.

Mto wenyewe kwanza. Unateremka magharibi mwa jiji ukiitwa Motoine, unapita kando ya Kibera na kuingia Bwawa la Nairobi, lililochimbwa miaka ya 1950 na ambalo kwa muda mrefu limefunikwa na magugu maji. Ukitoka bwawani unaitwa Ngong. Unakata Eneo la Viwanda, unapita mitaa ya mabanda ya Mukuru, yaani Mukuru kwa Reuben, Mukuru kwa Njenga na Viwandani, kisha unajiunga na Mto Nairobi. Kutoka hapo maji yanafuata Athi, yanakuwa Galana, yanakuwa Sabaki, na yanamwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Kwa hiyo kinachotupwa mtaroni Mukuru ni jambo la mvuvi wa Mambrui pia.

Eneo la Viwanda lilikua kwa sababu ya reli, na Mukuru ikakua kwa sababu ya Eneo la Viwanda. Kibarua anayesimama langoni alfajiri kusubiri kuitwa hawezi kulipa kodi ya nyumba na nauli kwa ujira uleule, basi anaishi pale anapoweza kutembea hadi kazini. Hilo wengi wanalifahamu. Lisilofahamika sana ni habari ya ardhi. Sehemu kubwa ya Mukuru ni ardhi ambayo serikali iliwagawia watu binafsi miaka ya 1970 na 1980, kwa hati za miaka 99, kwa sharti kwamba wajenge viwanda vyepesi. Wengi hawakujenga kitu. Wengine walipeleka hati benki, wakachukulia mikopo. Ardhi ikalala kwenye makaratasi, na juu yake zikasimama nyumba za mabati, maduka, shule, makanisa na karakana.

Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililouchakaza ukingo huu. Kwenye ramani palikuwa na viwanda ambavyo havikuwahi kujengwa, na watu waliokuwepo hawakuwemo kwenye ramani. Kampuni ya maji haiwezi kwa urahisi kulaza bomba kwenye ploti ya mtu binafsi. Kaunti haifungui barabara mahali ambapo kisheria hapana mtaa. Pengo hilo likajazwa na wauzaji wa maji kwa mtungi, waunganishaji wa stima na wenye vyoo vya kulipia. Watafiti waliofanya kazi Mukuru kabla ya mipango kuanza walikuta mkazi analipa bei ya juu kwa asilimia 172 kwa kila mita moja ya ujazo wa maji kuliko mwenzake aliyeunganishwa rasmi. Kila ninapoitaja takwimu hiyo naumia. Maskini wa Mukuru hawakuwa wakipewa huduma bure. Walikuwa wakilipa zaidi ya wengine kwa huduma mbovu zaidi.

Sasa fuata maji yalikokwenda baada ya kutumika. Pasipo na bomba la majitaka, choo humiminika mtaroni, na mtaro humiminika mtoni. Wanawake na wasichana walioogopa kutoka usiku walijisaidia kwenye mifuko ya plastiki nyumbani, na mifuko hiyo nayo ikaishia bondeni. Viwanda navyo vina mabomba na mitaro yao, na yote inafuata mteremko uleule. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba la mafuta iliingia mtaro wa wazi ikapita katikati ya nyumba za Sinai, kandokando ya mto huu. Watu walitoka na ndoo kuikinga, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Mtu akiniambia kwamba mitaro ni suala dogo la kihandisi litakaloshughulikiwa baada ya kupamba ukingo, namkumbusha Sinai.

Mto hauwezi kusafishwa na mtu aliyesimama mtoni. Unaweza kuzoa taka mwaka mzima, na vijana wetu wamezizoa kwa bidii kubwa, lakini ikiwa vyoo vya kaya 100,000 vinaelekea bondeni, mvua moja inakurudisha ulikoanza. Kazi ya ukingo inaanza juu, mlangoni kwa mpangaji wa chumba. Ndiyo maana haiwezekani kufanyika bila yeye, hata kama hujali haki zake kabisa na unachotaka ni maji safi tu.

Mwaka 2017 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la upangaji. Tangazo hilo halikushuka kutoka juu. Lilitanguliwa na miaka ya kazi ya Muungano wa Wanavijiji, ambao ni shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, vyama vya akiba, wanasheria na vyuo vikuu, na kampeni za wanawake wa Mukuru kudai vyoo. Kisheria lina maana mbili: ujenzi mpya unasimamishwa kwa muda wa miaka 2 huku mpango ukiandaliwa, na mpango wenyewe unaruhusiwa kutumia vipimo vinavyofaa mahali pale, hata visipolingana na vya mitaa ya kitajiri kama Karen au Lavington.

Yakaundwa makundi 8 ya kitaaluma, yenye taasisi zaidi ya 40 kwa jumla: ya afya, ya maji na nishati, ya nyumba na miundombinu, ya ardhi na sheria, ya fedha, ya mazingira, ya elimu, na moja la kuratibu jamii. Kwangu hilo la mwisho ndilo lililobeba mengine. Ukiwa na kaya 100,000 kwenye ekari zaidi ya 600, baraza moja uwanjani halitoshi. Watakaosema ni wale wale wanaosema siku zote, yaani wenye mabanda ya kupangisha, wazee wa kijiji na wanasiasa. Kwa hiyo kaya zilihesabiwa na kupangwa kumikumi, kila kumi zikawa na mtu wao, na kila kumi za hizo zikaunda kundi la kaya mia lenye wawakilishi wake. Mpangaji aliyepanga chumba kimoja akapata mahali pa kusemea ambapo mwenye nyumba wake hakuwa amekaa mbele yake.

Jambo hili ni zito kuliko linavyosikika. Mukuru karibu wote ni wapangaji, na wengi wa wenye mabanda hawaishi humo. Mtu akisema "jamii imeshirikishwa", swali langu la kwanza ni jamii ipi. Mwenye vyumba 30 anataka barabara ipite mbele ya vyumba vyake na fidia ikipatikana aipokee yeye. Mpangaji anataka maji, choo, na kodi isipande baada ya lami kufika. Wote wawili ni jamii, na ukiwaweka kwenye chumba kimoja bila utaratibu, mmoja atanyamaza.

Na wakishapangwa, wanaamua nini? Hapa ndipo futi, ule utepe wa kupimia, inapoingia. Kwa kanuni za kawaida za mipango Kenya, barabara ya ndani huanzia upana wa mita 9. Chora barabara za mita 9 juu ya Mukuru uone: mistari inameza maelfu ya vyumba. Punguza upana, acha njia nyingine ziwe za miguu na mikokoteni, fuata vichochoro vilivyopo badala ya kunyoosha kila kitu kwa rula, na idadi ya watakaohamishwa inashuka sana. Mita moja kwenye mchoro ni safu ya nyumba. Wakazi waliliona hilo upesi sana, upesi kuliko baadhi yetu tuliosomea, kwa sababu wao waliziona sura za watu waliomo ndani ya mstari. Walijua pia ni kichochoro kipi gari la zimamoto linaweza kuingia, wapi maji hutuama, na njia ipi msichana hapiti baada ya magharibi.

Ukingo wa mto ni hesabu hiyohiyo, ila ngumu zaidi. Kanuni za Kenya zinazungumzia kati ya mita 6 na mita 30 kutoka mtoni. Ni tofauti kubwa mno. Kwenye mita 6 unaondoa safu moja ya nyumba zilizo hatarini kweli. Kwenye mita 30 unaondoa kitongoji. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei, serikali iliamuru watu waondoke ndani ya mita 30, na matrekta yakabomoa Mathare na Mukuru watu wakiwa bado wanakausha magodoro. Sitetei ujenzi ndani ya njia ya maji. Mto unahitaji nafasi ya kutanuka, na mtoto hapaswi kulala mahali ambapo mto unaweza kumkuta usiku. Lakini mstari wa mita 30 uliovutwa sawasawa kila mahali hautokani na mto. Mto una mahali penye kingo ndefu za mwamba na mahali palipo tambarare kama sinia. Alama ya juu kabisa ya mafuriko inajulikana na kila aliyeishi pale, atakuonyesha ukutani. Ipimwe hiyo, nyumba kwa nyumba, pamoja nao, na watakaohama wajue wanahamia wapi kabla ya kuhama.

Mukuru yenyewe ilionja kinyume chake. Kuanzia Oktoba 2021, mpango ukiwa umeshaandaliwa, watu wapatao 40,000 walibomolewa nyumba zao Mukuru kwa Njenga kupisha barabara ya kuungana na Expressway, barabara kuu ya kulipia ya Nairobi. Ramani zilizochorwa pamoja nao hazikuwalinda. Wenzangu wengine huchukua hili kuwa ushahidi kwamba ushirikishwaji ni kupoteza muda. Mimi naona vingine: palikosekana nguvu ya kisheria juu ya ardhi. Mkazi alishika futi wakati wa kupima, lakini hati ilibaki kwa mtu mwingine, na siku hati ilipohitajika futi haikusaidia. Mpango usiomgusa mwenye hati, kwa kununua, kwa kufuta hati zilizokiuka masharti au kwa kubadilishana ardhi, umesimama kwa mguu mmoja.

Hata hivyo kazi haikupotea yote. Baada ya Nairobi Metropolitan Services, idara ya serikali kuu iliyopewa baadhi ya kazi za kaunti, kuundwa mwaka 2020, barabara kadhaa za mpango zilijengwa, hospitali zikafunguliwa, visima vikachimbwa, na mabomba membamba ya majitaka, yanayolazwa kina kifupi kufuata vichochoro, yakaanza kuunganisha vyoo vya plotini. Mabomba hayo hayapigwi picha na waandishi wa habari. Kwa Mto Ngong yana thamani kuliko bustani yoyote.

Kuhusu bustani zenyewe, walio mbele ni watu wa Kibera, juu ya mto huuhuu. Tangu 2006 vikundi vya wakazi pamoja na shirika la Kounkuey Design Initiative wamegeuza majalala ya kandokando ya mto na vijito vyake kuwa maeneo ya umma: madaraja, kingo za mawe yaliyofungwa kwa nyavu, viwanja vya watoto, vyoo, mahali pa kufulia. Ninachokipenda ni jinsi kila mahali pana kikundi kinachopaendesha, chenye mapato yake kutokana na maji, vyoo au kukodisha ukumbi. Bustani ya umma isiyo na mtu wa kulipwa kuifagia hurudi kuwa jalala, na wa kuifagia lazima apatikane kabla ya simenti kumwagwa.

Basi mradi wa Mto Nairobi ukifika mtaani kwenu na mkaitwa kwenye mkutano wa maoni ya umma, msiridhike na picha za nyasi na viti. Ombeni mchoro wenye vipimo, na muulize mstari wa ukingo umepita nyumba gani na ulipimwa kwa mafuriko ya mwaka gani. Ulizeni kama orodha ya watakaoathirika imewaandika wapangaji kwa majina yao au imeishia kwa wenye mabanda. Ulizeni bomba la majitaka linaanzia wapi: likianzia ukingoni na kuishia ukingoni, vyoo vya juu bado vitamwaga mtoni. Na kabla hamjatia saini karatasi ya mahudhurio, ulizeni inatumika kwa nini, kwa maana kuhudhuria si kukubali, na mna haki ya kuandika hivyo kando ya jina lenu.