Umejipima VVU nyumbani? Mstari mmoja haujakusafisha

Kwa nini watu wanapenda kujipima wenyewe?
Aibu, kwa sehemu kubwa. Kwenye benchi la kliniki unaweza kukutana na shemeji, au mwalimu wa mwanao. Madereva na wavuvi nao hawana muda wa kukaa foleni. Sioni kosa hapo, na sheria ya Tanzania imeruhusu kujipima tangu 2019.

Kipimo kinafanyaje kazi?
Cha mate unapitisha mara moja kwenye fizi, juu na chini, unakitumbukiza kwenye kichupa, unasubiri dakika 20. Zikipita 40 usikisome tena. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ukishaambukizwa. Kirusi chenyewe hakikitafuti. Mstari mmoja maana yake hakijawaona askari hao; miwili, kimewaona.

Jumamosi usiku nililala na mtu bila kondomu. Jumatatu nimejipima, mstari mmoja. Si niko salama?
Hapana. Askari hao huchukua wiki kadhaa kuonekana. Kijiti cha Jumatatu kinakupa habari za miezi mitatu nyuma. Cha Jumamosi hakijui.

Nikirudia Jumatano?
Hapana tena, hata ukinunua kumi. Jumatatu hiyo ulipaswa kuwa mbele yetu, sisi wahudumu wa kliniki. Kuna dawa za kuzuia maambukizi, PEP, unameza siku 28, lakini lazima uanze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Jumanne usiku muda umekwisha. Halafu mtu anatujia Alhamisi na vijiti vitatu kwenye mfuko wa rambo: "Nilikuwa nahakikisha kwanza, dokta." Ulikuwa unahakikisha nini, ndugu yangu?

Mume wangu amepima, mstari mmoja. Basi na mimi hivyohivyo?
Mate yake si yako. Pima ya kwako.

Mistari miwili je?
Bado si jibu la mwisho. Njoo upimwe tena kituoni. Ikithibitika unaanza dawa, bure. Na wewe ambaye tayari unameza ARV, weka kijiti chini. Kinaweza kukuonyesha mstari mmoja ukadhani umepona.

Na ikiwa kondomu imepasuka usiku wa manane?
Usiende duka la dawa kutafuta kipimo. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura, mwambie muuguzi neno moja: PEP. Jina la mwenzako si lazima ulitaje.