Umeme Ukikatika, Samaki wa Tangi Huanza Kukosa Hewa

Wengi hapa Kigoma huamini kuwa samaki wa Ziwa Tanganyika wanaofugwa kwenye matangi ya vioo huko Ulaya hufa kwa baridi mara tu umeme ukikatika majira ya baridi. Hofu hiyo ina msingi: ziwani wamezoea maji ya nyuzi 24 hadi 27. Lakini maji mengi hupoa polepole, hasa tangi likizungushiwa blanketi. Mara nyingi kinachotangulia kupungua ni oksijeni, kwa kuwa pampu inayoingiza hewa majini imesimama.

Watazame. Wakijikusanya juu, midomo ikifunguka na kufumba usoni pa maji, hewa imepungua. Chota maji kwa kikombe, yamimine kutoka juu, rudia. Chakula acha kwanza. Mabaki yakioza hula oksijeni hiyohiyo.

Kujihakikishia kuwa maji mengi hupoa polepole, jaza maji ya vuguvugu kwenye ndoo na kwenye kikombe, upime joto kila nusu saa.