Mauzauza: Maana ya Neno na Mipaka Yake

Mkazi wa Dar es Salaam akisimulia kwamba usiku uliopita aliona mauzauza, anayemsikiliza hufahamu mara moja kuwa hapewi habari ya mwizi wala ya ndoto ya kawaida. Anaambiwa kuhusu jambo ambalo jicho, sikio au mwili mzima wa msimulizi umelipokea, lakini akili yake haikupata mahali pa kuliweka: mlango uliojifunga pasipo upepo, sauti iliyomwita kwa jina katika nyumba isiyo na mtu mwingine, uzito uliomkalia kifuani akiwa macho. Hiyo ndiyo maana ya msingi ya neno hili.

Matumizi yake yanaeleza mengi zaidi ya tafsiri hiyo fupi. Katika mazungumzo yetu mauzauza huonwa. Husemwa "nimeona mauzauza" au "naona mauzauza", na ni nadra kusikia kwamba mauzauza yamempiga mtu au yamemwibia. Tena neno hukaa katika wingi, kana kwamba lugha yenyewe imekataa kulihesabu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu linabeba nusu ya maana: mauzauza ni jina la hali iliyopo kati ya kitu na anayekiona, wala si jina la kitu chenyewe. Kwa hiyo hata vijiweni neno hilohilo hutumika kwa hesabu za kikundi zisizolingana, kwa kuwa hapo napo macho yanaona kitu ambacho akili haikikubali.

Yapo maneno ya karibu ambayo hayafai kuchanganywa nalo. Kiinimacho na mazingaombwe yana mtendaji anayejulikana na watazamaji waliokubali kudanganywa. Muujiza una imani ndani yake, kwa maana anayelitumia neno hilo amekwisha kumtaja Mungu kuwa chanzo. Kioja hushangaza, lakini hakimnyimi mtu usingizi. Uchawi ndio ulio mbali zaidi kimaana, ingawa katika maongezi huwekwa jirani kabisa na mauzauza, kwani neno uchawi linamtafuta mtu wa kubebeshwa lawama. Katika kuvuka kutoka "nimeona nisichokijua" hadi "ni nani aliyekifanya" ndipo wasio na hatia wameumizwa. Katika Kanda ya Ziwa wameuawa vikongwe ambao kosa lao lilikuwa kuwa na macho mekundu, wekundu uliotokana na miaka mingi ya kupikia kuni na samadi katika jiko lisilo na njia ya kutolea moshi.

Kiswahili kimetupa chombo kizuri cha kupima masimulizi ya aina hii, nacho kimo ndani ya kitenzi. Tunaweza kusema kwamba jambo halijaelezwa, na tunaweza kusema kwamba jambo halielezeki. Kiambishi -ja- katika neno la kwanza kinaacha nafasi: bado, huenda kesho. Kiambishi -ek- katika neno la pili kinaiziba nafasi hiyo, kwa kudai kwamba asili ya jambo lenyewe hairuhusu maelezo. Tofauti kati ya maneno haya mawili ni kubwa mno, na bado wasimuliaji wengi huruka kutoka la kwanza hadi la pili pasipo kujua kwamba wameruka.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni jinamizi. Mtu anaamka, anakiona chumba chake jinsi kilivyo, chandarua, dirisha na mwanga wa taa ya jirani, lakini hawezi kuinua hata kidole. Anahisi kwamba kuna kiumbe chumbani, kisha uzito unampanda kifuani na sauti inakataa kutoka. Hapa mjini husemwa kwamba amekabwa. Mimi mwenyewe nimekabwa mara tatu, zote katika majuma ya usingizi mchache, na kwa kuwa naujua woga wake siwezi kumwambia aliyepitia hali hiyo kwamba ameota tu.

Kinachotokea ni hiki. Katika hatua ya usingizi yenye ndoto nyingi, ubongo huzuia misuli karibu yote ya mwili, isipokuwa ya macho na ile ya kupumulia, ili mlalaji asiigize anachokiota. Fahamu ikirejea kabla ya kizuizi hicho kuondoka, mtu hujikuta macho ndani ya mwili uliofungwa, huku mabaki ya ndoto yakijitandaza juu ya chumba halisi. Na kwa vile kifua hakitii amri ya kuvuta pumzi ndefu, huona kana kwamba amekaliwa. Hali hiyo hudumu sekunde chache au dakika kadhaa, na huwapata zaidi wanaolala chali, wanaokosa usingizi na wanaobadilisha saa za kulala kama wafanyavyo wenye zamu za usiku. Wajapani huiita kanashibari, yaani kufungwa kwa chuma. Watu wa Newfoundland, Kanada, walisimulia juu ya bibi kizee anayekalia vifua vya waliolala, na mwaka 1782 mchoraji Henry Fuseli alionyesha jijini London picha ya dude lililochuchumaa juu ya mwanamke aliyelala. Mwili ni uleule kila mahali; anayevikwa lawama ndiye anayebadilika.

Mwaka 1995 aliyevikwa lawama hiyo katika pwani yetu aliitwa Popobawa. Hofu ilianzia Pemba, ambako masimulizi yake yalikuwepo kabla ya hapo, ikavuka hadi Unguja, kisha ikafika Dar es Salaam na miji mingine ya pwani. Ilielezwa kwamba kiumbe huyo huingia usiku, huwaelemea watu na kuwadhalilisha, na kwamba humrudia kwa ukali zaidi anayenyamaza, hivyo aliyeshambuliwa alilazimika kutangaza. Familia zilitoa mikeka na magodoro nje zikalala kwa makundi. Nilikuwa mtoto Magomeni wakati huo, na nakumbuka watu wazima wakipeana zamu za kukesha uani, wakizungumza kwa sauti ya chini ili sisi watoto tusisikie, nasi tukisikia kila neno.

Sehemu za mkasa huo zinashikana kwa namna ya kutisha. Hofu iliwanyima watu usingizi. Kukosa usingizi kuliongeza kukabwa. Kila aliyekabwa alitakiwa kusema. Na kila kauli iliongeza hofu ya nyumba ya pili. Zanzibar ilikuwa inaelekea uchaguzi wa vyama vingi wa Oktoba mwaka huo, katika mvutano mkubwa wa kisiasa, na wengi wamehusisha mambo hayo mawili. Huko Unguja umati ulimuua mgonjwa wa akili kwa kumdhania kuwa ndiye Popobawa. Mwaka 2007 hofu ileile ilirudi Dar es Salaam. Waliosema wamekabwa hawakuwa waongo, na maelezo ya usingizi hayawavunjii heshima; yanachokikataa ni mbawa tu.

Mauzauza mengine hutokea mchana, mbele ya kundi zima. Tarehe 30 Januari 1962, majuma machache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu katika shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na wakashindwa kuacha. Kufikia Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa makwao hali hiyo ilifika kijiji cha Nshamba, ambako watu 217 waliipata. Jina la ugonjwa wa kucheka limewapotosha wengi waliolisikia kwa mbali, kwa sababu hapakuwa na furaha yoyote: wasichana walicheka, walilia, walihangaika na kukimbia ovyo. Uchunguzi haukupata sumu wala vijidudu, na walimu hawakupatwa hata mmoja. Madaktari walioandika habari hiyo mwaka 1963 waliiona kuwa ni mfadhaiko wa kundi unaoambukizana kati ya watu, na wachunguzi wa baadaye wameuhusisha na vijana waliobanwa na mazingira mapya wasiyoweza kuyapinga kwa maneno. Strasbourg ilikumbwa na jambo la aina hiyo mwaka 1518, watu walipocheza ngoma barabarani siku baada ya siku, na wakuu wa mji wakadhani dawa ni kuwaletea wapiga muziki. Nasi tumewaona wanafunzi wa kike wakianguka na kupiga mayowe darasani, mmoja baada ya mwingine, kisha mjadala wa wazazi ukaishia kwenye mapepo bila mtu kuwauliza wanafunzi wenyewe ni nini kinawasumbua.

Pasidhaniwe kwamba mtazamaji wa kawaida ndiye anayekosea kila mara. Wanavijiji wa Ulaya walisema kwa karne nyingi kwamba mawe huanguka kutoka angani, na wasomi wengi wakakataa, hadi tarehe 26 Aprili 1803 maelfu ya mawe yalipoanguka L'Aigle, Ufaransa, na mwanasayansi Jean-Baptiste Biot akatumwa kuwahoji mashahidi na kupima eneo lenyewe. Leo mtu anaweza kwenda Songwe akakigusa kimondo cha Mbozi kwa mkono wake. Samaki silikanti naye alihesabiwa kuwa ametoweka tangu enzi za dinosauri, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania, hasa wa Tanga, nao wamemtoa majini mara kadhaa.

Mambo ambayo kwa haki yote hayajaelezwa yapo, ingawa ni machache kuliko masimulizi yanavyodai. Meli ya Mary Celeste ilikutwa Desemba 1872 ikielea katika Atlantiki, mzigo wake wa pipa za alkoholi ukiwa karibu wote mahali pake, na watu kumi waliokuwemo hawakuonekana tena. Tarehe 15 Agosti 1977, darubini ya redio huko Ohio, Marekani, ilinasa ishara kali kutoka angani iliyodumu sekunde 72, na haikusikika tena licha ya kutafutwa.

Ninalolipenda kuliko yote liko katika bahari yetu hii. Mabaharia wa Bahari ya Hindi wamesimulia kwa karne nyingi usiku ambao maji yote, toka upeo hadi upeo, hugeuka meupe kama maziwa na kutoa mwanga usiotikisika, hasa sehemu za Uarabuni na Somalia, katika misimu ya kusi na kaskazi. Masimulizi hayo yaliwekwa fungu moja na habari za nguva. Kisha mwaka 2005 wanasayansi walichapisha picha za setilaiti zilizopigwa Januari 1995, zikionyesha eneo la takriban kilomita za mraba 15,400 likiwaka kwa siku tatu mfululizo mahali palepale ambapo meli ya Lima, ikipita nje ya Somalia, ilikuwa imeandika kwamba imeingia katika maji meupe.

Mwanga huu si ule unaojulikana na kila aliyewahi kuvuka usiku kwa ngalawa kutoka Kigamboni, ambapo maji humeta kasia linapoyavuruga. Huo hutolewa na viumbe vidogo vinavyoshtuka vikiguswa. Maji meupe yanahusishwa na bakteria ambao huanza kung'aa wakishafikia wingi fulani. Mwaka 2019 eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100,000 liliwaka kusini mwa kisiwa cha Java, Indonesia, na mashua moja ya matanga ikapita humo. Mabaharia wake waliteka ndoo ya maji wakaona ndani yake nukta za mwanga. Walipoyakoroga, nukta hizo zilififia badala ya kuwaka. Jinsi bakteria hao wanavyofikia wingi wa kufunika bahari ya ukubwa huo, na kwa nini katika usiku huo na si mwingine, halijaelezwa.