Mwigizaji wa London Aliyepewa Maneno Yake Tu

Wengi wanaosoma tamthilia za Shakespeare hudhani waigizaji wake walikabidhiwa kitabu kizima, wakakisoma pamoja, wakafanya mazoezi kwa wiki kadhaa. Haikuwa hivyo. Katika London ya miaka ya 1590, kila mwigizaji alipewa maneno ya mhusika wake peke yake, yamenakiliwa kwa mkono kwenye vipande vya karatasi vilivyogundishwa na kuviringishwa kama mkeka. Juu ya kila kauli yake kulipigwa mstari, na mwishoni mwa mstari huo yakawekwa maneno machache ya mwisho ya mwenzake anayemtangulia. Jina la mwenzake halikutajwa. Ilimbidi atege sikio jukwaani. Akiyasikia maneno yale, zamu yake imefika.

Karatasi moja ya namna hiyo ingalipo Dulwich College, kusini mwa London, shule iliyoanzishwa mwaka 1619 na mwenye karatasi hiyo, Edward Alleyn, mwigizaji nyota wa zama zake. Ni maneno ya Orlando katika tamthilia ya Robert Greene. Mnakili aliacha nafasi wazi hapa na pale, na mkono mwingine, unaoaminika kuwa wa Alleyn mwenyewe, ukazijaza.

Kunakili kitabu kizima kwa kila mtu kulikuwa gharama, na tamthilia ilikuwa mali ya kundi la waigizaji: nakala ikiponyoka, wengine wangeichapisha. Tena kazi ilikuwa nyingi. Daftari la hesabu la Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose, linaonyesha tamthilia tofauti karibu kila siku ya maonyesho. Mchezo ulianza mnamo saa nane mchana, kwa mwanga wa jua, na aliyekubali kusimama uwanjani alilipa peni moja.

Kwa maoni yangu, uhai wa majibizano katika tamthilia za Shakespeare umetoka katika desturi hii ya kumpa mwigizaji maneno yake tu. Mwigizaji alisikiliza kwelikweli, kwa sababu akipitwa na neno moja, mchezo unakwama mbele ya umati.

Lakini uchache wa nakala uliwagharimu. Daftari la Henslowe limejaa tamthilia ambazo leo tumebaki na majina yake tu. Kazi nyingi za Shakespeare huenda zingepatwa na hayo hayo kama waigizaji wenzake, John Heminges na Henry Condell, wasingezikusanya 36 na kuzichapisha mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo chake. Takribani nusu yake hazikuwahi kuchapwa kabla, Macbeth ikiwemo.