Ndigana Kali na Ndugu Zake Wapole

Mpapase ndama chini ya sikio. Ukikuta tezi imevimba, ngumu, kubwa kama yai, na mwili unachemka, mfugaji mzoefu haulizi tena: ni ndigana kali. Kimelea chake, Theileria parva, huletwa na kupe kahawia wa masikioni. Kikishaingia kwenye chembe nyeupe za damu, huzifanya zijigawe ovyo mithili ya saratani. Mwishowe mapafu hujaa maji na mnyama hufa akihema, povu likimtoka puani.

Lakini ndama wengi wa kienyeji hukibeba kimelea hicho wasife. Kwa nini?

Magharibi mwa Kenya, watafiti waliwafuatilia ndama 548 wa zebu, ng'ombe wa kienyeji wenye nundu, tangu kuzaliwa hadi kutimiza mwaka. Hawakuwaambukiza, waliwaacha wachungwe pamoja na mama zao, wakawa wanawapima damu. Matokeo, yaliyochapishwa 2015, yalishangaza hata sisi wa maabara: ndama aliyekuwa na T. parva pamoja na Theileria wasio wakali, kama T. mutans na T. velifera, hatari yake ya kufa kwa maambukizi ya T. parva ilipungua kwa asilimia 89. Yaelekea mwili uliokwisha kupambana na ndugu mpole humpokea yule mkali ukiwa macho. Hiyo ndiyo kinga mtambuka.

Ajabu ni kwamba ndani ya T. parva yenyewe kinga haivuki kirahisi. Ng'ombe aliyepona aina moja anaweza kuuawa na nyingine, ndiyo maana chanjo ya ndigana kali, iitwayo Muguga, huchanganya aina tatu za vimelea hai, na mnyama hudungwa papo hapo dawa ya oksitetrasaiklini ya kudumu mwilini ili ugonjwa usimzidi nguvu.

Basi tuache kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, ndugu wapole waingie? Swali hili naulizwa kila siku ya mnada. Hapana. Wapole hao huletwa na kupe mkubwa wa madoadoa, na kupe huyohuyo ndiye mletaji wa maji moyo, ugonjwa mwingine wa kuua. Isitoshe, T. mutans nayo huweza kumpunguzia mnyama damu. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa ndio kabisa, usiwajaribie.

Chanja ndama, kisha endelea na josho: hereni ya sikioni, alama ya aliyechanjwa, haizuii maji moyo wala ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe.