Macho Wazi, Akili Mbali: Ketamini ya Puani na Ubongo

Mzazi anayemleta hospitalini hapa Kisumu mtoto mwenye jeraha la kushonwa huwa amejiandaa kwa vilio vya sindano, na akiambiwa kwamba dawa itapuliziwa puani hushusha pumzi. Wasiwasi humrudia muda si mrefu. Mtoto hajalala: macho yako wazi, mboni zinachezacheza, mate yanamtoka, na akiitwa haitiki. "Daktari, hii dawa imeshika kweli? Mbona ananitazama?" Sisi wa idara ya usingizi tumelizoea swali hilo, na kwa maoni yangu linagusa kiini cha mambo kuliko maswali mengi ya wanafunzi wetu.

Dawa yenyewe ni ketamini. Iliundwa Marekani mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, ikajaribiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1964, na kuruhusiwa rasmi nchini humo mwaka 1970. Hospitali ndogo za mashinani zinaithamini kwa sababu kwa kawaida haizimi pumzi ya mgonjwa, wala haidai mashine kubwa ya nusukaputi ambayo stima ikipotea inakuwa pambo.

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa pua iko jirani na ubongo, dawa hupenya moja kwa moja kama mtu aliyepita mlango wa nyuma. Ni kweli kwamba neva nyembamba za kunusa hupita kwenye vitundu vya mfupa ulio juu ya pua na kuingia ndani ya fuvu, lakini kwa binadamu sehemu kubwa ya dawa hupitia njia ya kawaida, yaani damu. Utando wa pua umejaa mishipa midogo ya damu, na dawa inayofyonzwa hapo hufika mwilini bila kupita kwanza kwenye ini, ambalo huharibu kiasi kikubwa cha ketamini iliyomezwa. Ndiyo maana ketamini ya kunywa hufika kwenye damu kwa takriban asilimia 20 tu, ilhali ya puani hukaribia nusu. Ya sindano ya mshipa hufanya kazi ndani ya dakika moja hivi. Ya puani huhitaji dakika kadhaa, na zaidi kama mtoto ana mafua. Tundu moja la pua halibebi zaidi ya mililita moja hivi, kwa hiyo dawa ikizidi huteremka kooni, nayo ni chungu.

Ikishafika kwenye ubongo, ketamini huziba vipokezi viitwavyo NMDA, ambavyo seli za neva huvitumia kupokea glutamati, kemikali kuu ya kuchochea seli hizo. Mtu angetarajia ubongo unyamaze. Kinachotokea ni tofauti, kwa sababu baadhi ya seli zinazozibwa mapema ni zile ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao, na zikinyamazishwa, seli nyingine huanza kurusha ishara kwa wingi. Kwenye kipimo cha umeme wa ubongo tunaona mawimbi ya alfa, ya mizunguko 8 hadi 12 kwa sekunde, yakififia, na mawimbi ya kasi ya gama yakipanda. Dozi ikifikia ya nusukaputi, gama hiyo hupokezana na mawimbi mazito ya polepole. Wakati huohuo, mawasiliano kutoka sehemu ya mbele ya ubongo kwenda sehemu za nyuma hupungua. Mwanga unaingia machoni, sauti inaingia masikioni, lakini ubongo hauziunganishi habari hizo kuwa kitu kinachoeleweka. Kwa hiyo, mzazi, mtoto anakutazama lakini hakuoni.

Linganisha na deksimedetomidini, dawa nyingine ya kutuliza ambayo pia hupuliziwa puani, hasa kabla ya kupigwa picha za uchunguzi. Hii hupunguza kemikali ya kumweka mtu macho kutoka kwenye kituo kidogo kilicho katika shina la ubongo, na mawimbi yake hufanana na ya usingizi wa kawaida kiasi kwamba mtoto akitikiswa anaweza kuamka. Pua ni ileile, lakini usingizi wake ni mwingine kabisa.

Esketamini, ambayo ni ndugu wa ketamini, iliruhusiwa Marekani mwaka 2019 kama dawa ya puani kwa watu wazima wenye sonona isiyosikia dawa nyingine. Hata huko mgonjwa hachukui chupa kwenda nayo nyumbani. Huangaliwa kituoni kwa saa mbili au zaidi, na haendeshi gari hadi kesho yake.

Watoto wetu nao hukaa chini ya uangalizi, kwa sababu ubongo unapoanza kuunganisha habari upya unaweza kuzichanganya na ndoto, na mtoto akaamka akipiga kelele au kutapika. Tunaomba chumba kiwe kimya na mtoto asitikiswe kwa nia ya kumwamsha haraka. Kabla ya dawa, muuguzi humuuliza angependa kuota nini, na mzazi anaruhusiwa kumchagulia, hata kama ni bao la Gor Mahia.