Atomu moja ndani ya zeolaiti: hadubini huionaje?

Zeolaiti ni fuwele yenye vitundu, iliyojengwa kwa silikoni, alumini na oksijeni. Aina ya Y, inayotumika sana kwenye viwanda vya kusafisha mafuta ghafi, ina vyumba vyenye upana wa takriban nanomita 1.2, vyenye milango ya nanomita 0.74 hivi. (Nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni.) Zeolaiti za asili tunazo hata kwetu, katika majivu ya volkano ya Olduvai.

Wanakemia hupachika humo atomu mojamoja za metali ghali ziwe vichocheo, yaani viharakisha mmenyuko wa kemikali. Atomu ikikaa pembeni pasipofikika, pesa imepotea. Kwa hiyo lazima ijulikane ilipo.

Kuona atomu moja si jambo jipya: Albert Crewe na wenzake huko Chicago walifanya hivyo mwaka 1970 kwa hadubini ya elektroni. Mwale mwembamba wa elektroni hupita juu ya sampuli nukta kwa nukta, na kigunduzi chenye umbo la pete hukusanya elektroni zilizopindishwa kwa pembe kubwa. Kiini kizito cha atomu hupindisha nyingi zaidi. Iridi, mojawapo ya metali hizo ghali, ina namba atomia 77, silikoni 14. Ukilinganisha atomu moja ya iridi na moja ya silikoni, ya iridi hung'aa mara 18 hadi 30 ya ile ya silikoni. Ila ukuta wa zeolaiti una atomu nyingi zilizopangana, kwa hiyo fuwele isipokuwa nyembamba, nuru hiyo humezwa.

Shida kubwa ni kwamba mwale wenyewe huivunja fuwele. Vifungo hukatika, mpangilio unapotea machoni pako. Ndiyo maana watafiti wa California walioonyesha atomu za iridi ndani ya zeolaiti Y, mwaka 2010, walitumia ile iliyopunguzwa alumini, kwa kuwa huvumilia zaidi.

Ukipunguza elektroni, picha hujaa chengachenga. Kwa ukuta kuna dawa: sehemu zake hujirudia, basi unazipandanisha mamia na kutafuta wastani. Atomu ngeni haijirudii. Ukiitafutia wastani, unaifuta.

Tena picha ni kivuli bapa. Haisemi atomu iko juu au chini. Kuigeuza fuwele upande mwingine ni kuipiga mwale tena. Kwa hiyo picha hulinganishwa na zile zilizokokotolewa kwa kompyuta, kisha na vipimo vya eksirei vinavyotoa umbali wa wastani kati ya metali na majirani zake. Picha peke yake, hata ikiwa nzuri namna gani, mimi siipokei kama ushahidi kamili.